Bahari Hufungua Nafasi, Mto Huijaza

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Naomba tuanze wakati bahari ilipokuwa chini.

Miaka 21,000 hivi iliyopita, barafu nene ilifunika Kanada na kaskazini mwa Ulaya. Maji mengi yalifungwa humo, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa takriban mita 120. Tako la bara, yaani ile sehemu ya bara iliyozama chini ya bahari ya kina kifupi, lilikuwa nchi kavu. Sumatra, Java na Borneo zilikuwa zimeungana na Asia. Mito ilivuka tako hilo lote, ikachimba mabonde, ikaenda kumwaga mchanga na tope kwenye ukingo wa nje, nako mizigo hiyo ikaporomokea vilindini kupitia makorongo ya chini ya bahari. Mto Kongo unafanya hivyo hata sasa, kwa kuwa korongo lake limepenya hadi ndani ya mlango wa mto.

Barafu ikayeyuka, wala si kwa mwendo mmoja. Miaka kama 14,500 iliyopita bahari ilipanda zaidi ya mita 10 ndani ya karne chache tu. Mabonde yakazama; Ghuba ya Chesapeake ya Marekani ni bonde la mto Susquehanna lililomezwa hivyo. Tope likawa linanaswa humo, lisifike mbali. Ndiyo maana mchanga mwingi ulioko nje kwenye tako la bara ni wa kale, umeachwa na pwani zilizokwisha kuzama.

Delta, yaani ardhi ambayo mto huijenga kwa tope lake unapoingia baharini, nyingi kubwa tunazozijua zilianza miaka 8,500 hadi 6,500 iliyopita, kasi ya bahari ilipopungua. Lakini itazameni delta ya Ganges na Brahmaputra. Hiyo ilianza kujengeka miaka 11,000 hivi iliyopita, bahari ikiwa bado inapanda kwa kasi! Mvua za monsuni zilikuwa na nguvu, na Himalaya ikamwaga tope lisilo na kifani. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu: bahari ikipanda hufungua nafasi, na mto wenye tope la kutosha huijaza.

Leo bahari inapanda takriban milimita 3.7 kwa mwaka. Ni jambo zito, lakini tunalipima peke yake mno. Tangu bwawa kuu la Aswan nchini Misri likamilike mwaka 1970, karibu tope lote la Nile hubaki nyuma yake, na ncha za delta yake huko Rosetta na Damietta zimeliwa na mawimbi. Delta ya Mississippi, huko Louisiana nchini Marekani, imepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 tangu 1932: ardhi inadidimia kwa uzito wake yenyewe, na kuta za kuzuia mafuriko zinainyima tope jipya.

Katika pwani hiyohiyo ya Louisiana, mapema miaka ya 1940 ulichimbwa mfereji wa Wax Lake ili kupunguza mafuriko. Hakuna aliyekusudia kujenga delta. Baada ya mafuriko makubwa ya 1973 ardhi ikachomoza juu ya maji mdomoni mwake, na imeendelea kukua, bahari ikiwa ni ileile inayowameza jirani zake. Wahandisi wanaosanifu mabwawa na kuta wanapaswa kuulizwa, kabla ya saruji kumwagwa, tope litapita wapi.

Sasa karibuni maswali.