Nimenunua tela la kulala la mtumba, kesho tunaondoka nalo: nimelikagua mpaka uvunguni

Haya ugonile wote, na kamwene kwa watu wangu wa Iringa na Njombe msije mkaninunia kama video iliyopita nilipowasahau. Leo siko jikoni, niko nje na kuna kaupepo, kwaiyo mkisikia sauti inakoroma mnivumilie tu, maiki yangu ndo hii ya kubana kwenye kola.

Nyuma yangu hapo mnaliona. Wale mlioniandikia "dada umenunua kontena", sio kontena jamani, ni tela la kulala, kinyumba chenye matairi, unakifunga nyuma ya gari unaenda nacho unapotaka. La mwaka 2009, urefu kama mita tano, chukulia chumba cha kupanga pale Mwanjelwa, Mbeya, ukakiwekea tairi mbili. Ndani kuna kitanda, meza ambayo usiku inageuka kitanda cha mtoto, jiko la gesi la plate mbili, kafriji, na choo ambacho ni bafu hapo hapo, yaani ukikaa unaweza ukaoga, usipoteze muda. Nimelichukua dola 6,500 kwa wazee fulani wastaafu, na yule babu akaniambia "liko safi, wewe funga uondoke".

Sasa hapo kwenye "funga uondoke" ndo leo nataka tuongee, maana nimekaa nalo wiki sita na sijaenda popote pa mbali.

Kesho alfajiri tunaondoka hapa Denver kwenda Yellowstone, ile hifadhi ya taifa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1872. Ni kilomita 800 na kitu, yaani toka Dar mpaka nyumbani Mbeya. Na Denver yenyewe iko mita 1,609 kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini iko kama 1,700, ndo maana uwa nawaambia mie baridi ya huku haikunitisha, mtu wa Uyole utamtishia baridi?

Baba yangu alikua dereva wa lori, Dar Tunduma, Tunduma Dar, miaka na miaka. Sie tukiwa wadogo tunamsubiri pale mizani ya Uyole, akishapima anatushushia machungwa ya Muheza na nyanya za Ilula. Siku nimemwonyesha tela kwa video call nikajua atauliza bei, au ataniambia hongera mwanangu. Mzee kaangalia kimyaa, alafu akasema, "Tairi za mwaka gani?"

Mwaka gani! Mie nilikua nimeangalia kashata tu, yale meno ya tairi, kashata zimesimama vizuri kabisa, mpya. Akaniambia nichuchumae nitafute pale ubavuni kwenye maandishi ya DOT, tarakimu nne za mwisho, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Nikasoma 3114. Wiki ya 31 ya mwaka 2014. Mzee akacheka kile kicheko chake. Tela halitembei kila siku kama lori, linakaa nje miaka linapigwa jua, kashata haziishi ila mpira wenyewe unakauka ndani kwa ndani, ukilipandisha barabarani na mzigo na lami ya moto linapasuka ukiwa spidi. Huku wengi wanabadilisha kwenye miaka mitano sita hata kama tairi linaonekana jipya. Na spea sasa, spea ilikua ile ile aliyozaliwa nayo, ya 2009, bado ina vile vinywele vya kiwandani! Nimenunua tatu, na nimenunua zile za tela maalumu zenye herufi ST, sio za gari dogo, upepo zinabeba 50 PSI na unapima asubuhi zikiwa baridi hujatembea hata hatua moja.

Tukiwa hapo hapo kwenye tairi akasema fungua habu, kile kitovu cha gurudumu. Nikamwambia baba mie ni nesi. Akasema si una mikono?

Basi Jumamosi nikapiga jeki, mume wangu kashika tochi, simu nimeiegemeza kwenye ndoo baba anaona. Unatoa kikofia, unatoa ile pini, nati, unavuta beringi. Grisi imekua nyeusi ina kama maji maji, inanuka kuungua. Nikaifuta beringi na kitambaa na mafuta ya taa, baba akasema "isogeze kwenye simu, izungushe taratibu". Nikazungusha. Ikawa inasema krrr, krrr, kama mtu anatafuna mchele wenye mawe. Na kile kichuma kina rangi ya bluu sehemu moja. Mzee akasema hiyo bluu ni moto, hiyo ilishawahi kupata joto ikakaribia kufa, ungefika nayo katikati ya njia tairi lingetoka na habu yake likakupita wewe. Zote nne nimebadilisha na sili zake, grisi mpya, haikufika hata dola 100. Nati za tairi nimekaza kwa spana ya kupimia, na nikitembea kilomita 80 za kwanza nasimama nakaza tena, hiyo wanaijua wachache, na kutokukaza tena ndo kunaangusha matairi.

Sasa tuingie ndani. Mapazia mazuri eeh? Ndo yaliyoniponza. Kona hii ya mbele chini ya dirisha, siku naliangalia kununua niliona harufu kama ya chumba kilichofungwa nikasema ah ni kufungiwa tu. Nimekuja kubonyeza na kidole gumba, kidole kikazama. Wale mnaouza viazi pale Uyole mnaijua ile gunia ya chini kabisa, unashika kiazi kizima unabaki na maganda? Ndo hivyo. Ubao wote umeoza, na nje huoni kitu, bati linang'aa.

Nikajifunza namna ya kutafuta panapovuja. Mtu mmoja unakaa ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji, na usianze kumwagia juu, anzia chini. Unamwagia chini dakika kumi, hamna kitu, unapanda kidogo, hamna, unapanda. Ukianzia juu maji yanashuka kila mahali hutajua yameingilia wapi. La kwangu lilikua linaingilia kwenye fremu ya dirisha na tundu moja darini pale kwenye feni, gundi imekauka imepasuka kama matope ya Usangu kiangazi. Nimekwangua yote nikapaka silanti mpya, ile ya darini inayojitandaza yenyewe, nikakata ubao uliooza nikaweka mpya. Hiyo kazi imenila wikiendi tatu na nimelia mara moja, sitawaficha.

Gesi. Hapa naomba mnisikilize hasa mama zangu wa Makete na Mbeya Juni hii. Nimepaka povu la sabuni kwenye kila maungio kuanzia kwenye mtungi, pale kwenye mpira wa regyuleta povu likaanza kupuliza vipovu vidogo vidogo, nimebadilisha. Lakini kikubwa ni kile kidude cha ukutani kinacholia gesi ikivuja au ikiwepo kaboni monoksidi. Kilikua kina taa ya kijani, nikasema kizima. Geuza nyuma usome tarehe: 2009. Vile vina maisha yake, miaka mitano mpaka saba, baada ya hapo taa inaweza kuwaka ila hakinusi kitu. Kaboni monoksidi ndo ile ile inayoua watu nyumbani wakiingiza jiko la mkaa ndani usiku wa baridi wakafunga madirisha, haina harufu, unalala tu. Na humu ndani ni padogo kuliko jiko la mama. Kwaiyo kipya, dola 80, nimelipa bila kunung'unika.

Maji tupite haraka haraka. Bomba nilikuta zina maji ya pinki, ni dawa wanaweka yasigande wakati wa snow, unayatoa yote. Kisha unasafisha tenki kwa ile bleach ya kawaida isiyo na harufu ya maua, robo kikombe kwa lita 57, langu lina lita 113 nikaweka nusu kikombe, nikafungua kila koki mpaka harufu ikatoka, nikaacha usiku kucha, nikasuuza mpaka nikachoka. Pampu ilikua inanguruma haizimi, nikajua kuna pahali panavuja, kumbe kiungio cha plastiki chini ya sinki kilipasuka kwa barafu. Dola nne. Na boila usiiwashe kama haina maji, inaunguza koili hapo hapo.

Choo mmeniuliza wengi kuliko hata safari yenyewe, Watanzania bwana. Uchafu unaenda kwenye tenki lake chini, maji ya kuoga na vyombo tenki lingine. Unafika sehemu maalumu unaunganisha mpira mnene unafungulia la choo kwanza, likiisha ndo unafungulia la maji ya sabuni yasuuze mpira. Glavu. Tuendelee.

Mizigo ndo ilinipa somo. Wiki iliyopita tulilijaribu, tukaenda karibu tu hapo bwawani kulala usiku mmoja. Mie nikapakia kama naenda Kyela harusini, maji tenki limejaa na tenki lenyewe liko nyuma, jenereta nyuma, viti nyuma, unga, mchele wa Kyela niliopewa na shangazi kilo kumi, vyote nyuma kule chini ya kitanda maana ndo kuna nafasi. Tukaingia barabara kubwa, kwenye spidi 90 hivi likatupita lori. Tela likaanza kucheza. Kushoto, kulia, kama mkia wa ng'ombe anafukuza nzi, na kila likicheza linaongeza, gari linavutwa matako. Mume wangu akataka kukanyaga breki nikamwambia usikanyage! Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani, alafu nikabana mimi ile swichi ya mkononi ya breki za tela, likatulia. Hatukuongea mpaka tumefika.

Tumerudi nikalipeleka mizani, ile wanayopimia malori kwenye vituo vya mafuta. Lote kilo 1,480, mwisho wake ni 1,590, sawa. Lakini ule uzito unaolala mbele, pale linapokaa juu ya mpira wa chuma wa gari, ulikua kilo 95 tu. Inatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya tela zima, kwaiyo langu kama 150 mpaka 220. Nyuma kukiwa kuzito mbele kunanyanyuka na tela linakosa adabu. Nikahamisha jenereta na mchele mbele ya ekseli, maji nitasafiri na robo tenki nijaze tukifika, sasa liko 180. Nikampigia mzee nikamwambia, akasema "mie nilikuambia". Hakuniambia! Ila ndo wazee.

Njiani tunapitia Laramie na Rawlins, huko Wyoming upepo una sifa mbaya, mpaka barabara ya I-80 uwa wanaifunga kwa magari marefu mepesi kama hili, tukiona kibao kimewaka tunapaki tunapika ugali tunasubiri. Kisha tunapanda Togwotee Pass, mita 2,944, hapo ni kama umeuweka mlima Rungwe barabarani ukasema pita. Kushuka ndo kazi. Wale waliowahi kuteremka Kitonga nyuma ya lori lenye mzigo wanaijua ile harufu ya breki na utingo ananing'inia na kigogo chake mkononi. Gari letu ni otomatiki lakini gia unaweza kuishika, tutashuka na gia ya chini, breki unagusa unaachia, unagusa unaachia. Na tela lina breki zake za umeme na kale kawaya kadogo pembeni, likichomoka kwenye gari kawaya kanavuta pini breki zinajibana zenyewe. Nimekajaribu. Minyororo nimeivusha msalaba chini ya mkono wa tela, likichomoka lidondokee juu yake lisichimbe lami.

Friji nimeliwasha tangu jana maana hili la gesi halipoi haraka, na tela lazima lisimame sawasawa halitaki mteremko. Chakula chote ndani kwa sababu ya dubu, kuna kambi moja kule hata mahema hayaruhusiwi, kuta ngumu tu. Mama kasikia dubu kaanza kufunga na kuomba.

Haya mume wangu, baba Tumaini, washa taa tuangalie mara ya mwisho nizime video. Taa za nyuma... ziko. Breki... iko. Indiketa ya kulia... poa. Kushoto. Kushoto baba. Umewasha? Mbona haiwaki. Aah jamani, na jana ilikua inawaka! Itakua waya wa ethi huo, pale bolti imeshika kutu. Shika simu, hapana usiizime, nipe kwanza msasa. Ndaga fijo, asanteni sana wapendwa, ngoja niingie uvunguni.