Mfundishe Kuvua, Kuvua Nini?

KIMANI: Leo nimekuja na methali, Zuhura. Nimeiokota kwenye semina, hoteli moja hapa mjini. Mwezeshaji kakohoa, katutazama: “Mpe mtu samaki, atakula siku moja. Mfundishe kuvua, atakula maisha yake yote.” Ya Wachina, eti.

ZUHURA: Wachina wanasingiziwa mengi. Mwingereza Anne Thackeray Ritchie aliiweka riwayani mwaka 1885. Kwake, ukimpa mtu samaki, njaa inarudi baada ya saa moja.

KIMANI: Huyo mama ananijua! Tulipewa samaki saa saba, saa nane nachungulia sahani za wenzangu. Na kuvua hatukufundishwa.

ZUHURA: Wewe tena ufundishwe kuvua? Wasikilizaji, huyu nilimpeleka kwetu Lamu. Mjomba akampandisha mashuani, tukafika penye mwamba, mzee akamwambia, “Haya mwanangu, vua.”

KIMANI: Usimalize.

ZUHURA: Akavua shati!

KIMANI: Jua lilikuwa kali! Nikadhani ananihurumia.

ZUHURA: Mzee kimya. Kashika mshipi, kafunga chubwi ya kuuzamisha, katia chambo, kamkabidhi. Hadi jioni Kimani kapata mwani. Tena ule mwani wenyewe una kazi: unatiwa ndani ya dema, ule mtego wa kusuka, samaki aitwaye tafi anaufuata, anaingia, mlango wa kutokea haoni. Mwenye dema yuko kwake amelala.

KIMANI: Hiyo ndiyo kazi ya kumfundisha mtu kama mimi. Ujue mpaka juzi nilidhani omena, wale dagaa wa ziwani, wanavuliwa kwa ndoano, mmoja mmoja.

ZUHURA: Yaani kopo moja la gorogoro ungelijaza ukishastaafu!

KIMANI: Muuzaji wangu wa soko la Gikomba alicheka mpaka akashika meza. Kumbe kule Ziwa Victoria wanatoka usiku wa giza, wanawasha taa juu ya maji, omena wanaufuata mwanga, kisha wavu wa matundu madogo unafanya kazi yake. Mwezi ukiwa mpevu, taa haifui dafu.

ZUHURA: Na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa huku Kenya, wazaane. Kwa hiyo “maisha yake yote” toa miezi minne kila mwaka.

KIMANI: Mwezeshaji hakutaja hiyo. Wala hakutaja nani atanunua wavu, mashua na petroli. Halafu huyo aliyefundishwa akafundishika, akamvua sangara mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, hali yake ikoje? Minofu inakwenda kiwandani, inapanda ndege. Yeye jioni ananunua mgongo wazi. Kichwa, mifupa na mkia!

ZUHURA: Na supu yake tamu, usidharau.

KIMANI: Sidharau, nainywa. Nauliza tu, kuvua anajua au hajui?

ZUHURA: Kwetu tunasema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Bibi yangu maji yakipwa alikuwa anashuka mwambani na kijiti chake, anapita mashimo kumi bila kuyatazama, la kumi na moja anainama. Hajawahi kualikwa semina.

KIMANI: Angealikwa, angefundishwa kuvua pweza na mtu wa kutoka Nairobi.

ZUHURA: Mwenye shati au bila?

KIMANI: Mjomba wako naye hajasahau. Jana jioni kanipigia, “Mwanangu, leo umevua?” Nikamwambia, nimevua viatu tu, Mjomba, nimetoka kazini.