Mapovu ya Peterson Creek

BEKA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi Beka, niko Tanga. Da Salma yuko kwake Cairns, kaskazini mwa Queensland, Australia. Dada, mbona sauti imekauka?

SALMA: Baridi ya mlimani hiyo, mdogo wangu. Jana jioni nilikuwa Yungaburra, kijiji cha juu mlimani.

BEKA: Tena?

SALMA: Kila Jumamosi nikipata nafasi. Unapanda barabara ya Gillies, ina kona 263, wenyeji wamezihesabu. Abiria wangu wa kwanza alitapika kwenye kona ya mia na kitu. Ukifika juu kuna kijito kinaitwa Peterson Creek, na njia ya miguu kandokando yake.

BEKA: Njia ileile, kijito kilekile. Huchoki?

SALMA: Mara tatu za mwanzo sikuona kitu ila kobe wa majini wameanika migongo juu ya gogo. Nilikuwa natembea kama naenda sokoni. Siku moja mzee mmoja wa pale akaniambia, mama, simama, tazama mapovu.

BEKA: Mapovu ya nini?

SALMA: Ya platipasi! Anapofukua matope chini, mapovu yanapanda juu kwa mstari. Ukiyaona, usisogee. Kwa kawaida huzama nusu dakika hivi, pengine hata dakika nzima, halafu anaibuka kutafuna. Chakula anakibeba mashavuni.

BEKA: Huyu ndiye mwenye mdomo wa bata na manyoya, anataga mayai na kunyonyesha?

SALMA: Ndiye. Mwaka 1799 George Shaw, mtaalamu wa Uingereza, alipoandika habari zake, mwenyewe alishuku kuna mtu kamchezea, kaunganisha mdomo wa bata na mwili wa mnyama. Na habari ya mayai haikuthibitishwa hadi 1884.

BEKA: Simlaumu. Mimi ningeitafuta sindano.

SALMA: Akizama anafumba macho, masikio na pua.

BEKA: Sasa anawindaje?

SALMA: Mdomo. Una vihisio vinavyonasa umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya kamba na vidudu vya majini. Yaani anawinda kipofu. Na dume ana mwiba wa sumu kwenye miguu ya nyuma. Hauui mtu, lakini maumivu yake hata mofini, dawa kali ya maumivu, haiyatulizi vizuri.

BEKA: Loo! Mpole wa sura kumbe...

SALMA: Na ni mdogo, Beka. Wageni wanatarajia mnyama wa ukubwa wa fisi maji. Akiibuka wanadhani kijiti kimeelea.

BEKA: Mbali na huyo?

SALMA: Yuko kangaruu wa mtini.

BEKA: Kangaruu? Juu ya mti?

SALMA: Wallahi. Mchana analala juu. Tafuta mkia, unaning'inia mrefu kama kamba ya kengele. Akishuka, anatanguliza mkia. Misitu yao huku juu ilifyekwa sana kwa mashamba na ng'ombe wa maziwa. Kikundi cha wananchi kinaitwa TREAT, cha tangu 1982, kimekuwa kikipanda miti ya asili kandokando ya kijito ili wanyama wapate pa kupita. Sehemu ya kivuli ninachotembea chini yake kimepandwa kwa mkono.

BEKA: Hiyo imenigusa. Ndege je?

SALMA: Mdiria wa buluu nampenda, lakini kichekesho ni batamzinga wa kichakani. Dume anakusanya majani kuwa kichuguu, yakioza yanatoa joto, jike anataga humo. Dume anachomeka mdomo kupima. Likipungua anaongeza majani, likizidi anayapunguza. Linakaa kwenye nyuzi 33 hivi.

BEKA: Baba bora!

SALMA: Subiri. Kifaranga akianguliwa anajifukua mwenyewe na kwenda zake. Baba hana habari naye.

BEKA: Nimeifuta sifa. Haya, jana uliona nini?

SALMA: Nilikuwa nimekaa wiki nne bila kumwona platipasi. Jana mapovu yakatokea karibu na ukingo. Nikaanza kuhesabu: thelathini na tano, thelathini na sita... Nimekodoa pale pale, kumbe keshaibuka mbali huko, upande wa pili, anatafuna. Nilimwona mgongo tu.

BEKA: Pole.

SALMA: Pole ya nini? Nilirudi nyumbani nacheka. Nikavua soksi, nikakuta ruba wawili wameshashiba.