Kabla Hamjaenda Mazoezini

Walimu, hamjambo. Nawaita walimu ingawa namba ya TSC, Tume ya Huduma za Walimu, hamjapata, maana Jumatatu mkishuka matatu kule Kayole au Kawangware kuanza mazoezi ya kufundisha, hakuna mtoto atakayewauliza namba. Atawaita mwalimu, nanyi mtaitika.

Nimesoma maswali mliyoniletea. Nivae nini? Wakinicheka je? Mkaguzi akinikuta sijamaliza azimio la kazi, ule mpango wa masomo ya muhula? Nikiulizwa nisilolijua? Yote hayo yanamzunguka mtu mmoja, naye ni wewe mwenyewe. Msione haya. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Frances Fuller, alionyesha kwamba mwalimu mwanagenzi huanza kwa kujihangaikia yeye. Wasiwasi kama mwanafunzi ameelewa huja baadaye. Kwangu mimi, kukua katika kazi hii ni kuhama kutoka wasiwasi ule wa kwanza kwenda huu wa pili. Ukihama, hata kimaisha unakuwa mtu mwingine: husemi ili uonekane, na ukikosolewa huumii sana.

Makaratasi sitakaa nayo. Andalio la somo, rekodi ya kazi, rekodi ya maendeleo, mmefundishwa vya kutosha. Jazeni kila siku, msije mkakesha siku moja kabla ya ukaguzi mkitunga ya wiki tatu. Wino wa usiku mmoja tunautambua.

Tukae na mtoto. Uko Gredi ya 7, sekondari msingi, kipindi cha dakika 40. Umeandika ubaoni nusu jumlisha thuluthi. Unapita kati ya madawati, unaona daftari limeandikwa 2/5. Mwanagenzi anayejihangaikia anapiga mkasi mwekundu, alama ya kosa, anakwenda zake. Kipindi kinaisha na mkaguzi yuko pale nyuma. Sasa simama. Muulize, 'Umefikaje hapo?' Atakwambia kajumlisha za juu kwa za juu, za chini kwa za chini. Ana kanuni! Ni kanuni mbovu, lakini anaifuata kwa uaminifu, na mkasi wako hautaing'oa. Muulize tena: kati ya nusu chapati na 2/5 ya chapati, ipi kubwa? Mwache ahangaike. Akigundua kwamba alianza na nusu, akaongezewa, kisha akabaki na pungufu ya alichokuwa nacho, uso wake utakwambia. Hapo ndipo uingize sita chini, yaani 3/6 na 2/6, jumla 5/6.

Kumwacha ahangaike ndiyo kazi ngumu. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, naye wa Marekani, alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja, kisha mwalimu anamrukia mwingine au anajijibu. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, walionyamaza wakapungua, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Sekunde tatu, jamani! Zihesabuni kimoyomoyo. Mbele ya darasa lililojaa hadi dirishani ni ndefu kama foleni ya Thika Road saa kumi na mbili jioni.

Mtaniambia, mwalimu, darasa lina watoto sitini, nitamuuliza nani 'umefikaje'? Ni kweli, huwezi wote. Chagua madaftari machache kila kipindi, kesho mengine, wala usichague ya walioketi mbele tu.

Kuhusu mwalimu mlezi, yule wa shuleni anayepaswa kuwaongoza: wengine mtapata wa kuwashika mkono, wengine mtaachiwa vipindi vyote na mwenyewe msimwone hadi Ijumaa. Hilo si sawa, na mratibu wa mazoezi anapaswa kuarifiwa. Lakini katika majilisi yoyote ya walimu hapa Nairobi hakosi mwalimu ambaye darasa lake hutulia bila kiboko. Mwombe ukae nyuma umwangalie. Angalia anasimama wapi, anamwita nani, ananyamaza lini.

Mwisho, nunueni daftari dogo, la kwenu binafsi. Kila jioni andika sentensi moja aliyosema mwanafunzi, kama alivyoisema, na chini yake unachodhani alikuwa anafikiri. Nitakapokuja kuwakagua, nitaliomba hilo kabla ya andalio la somo.