Mpira Mpe Mwenyewe

Wangaluka, wazazi wangu. Walionisikia Magu watasema narudia. Narudia kwa sababu hamjafanya: mtoto aliyeumia uti wa mgongo mwacheni ajitunze mwenyewe.

Juzi nililetewa kijana wa miaka 19 kutoka Ukerewe. Alianguka mwembeni akiwa na miaka 12, akaumia uti wa mgongo usawa wa kiuno. Mikono ina nguvu kama ya mpiga kasia. Nikamuuliza, "Mara ya mwisho umetoa mkojo saa ngapi?" Akamtazama mama yake. Mama akajibu: "Saa mbili, kabla ya kupanda meli." Una kidonda makalioni? Akamtazama mama. "Kilishakauka," mama huyo. Nikamtuma mama maji ya kunywa, duka la mbali. Nikauliza upya. Kijana akasema, "Sijui, huwa ananiwekea yeye."

Miaka 19! Ana ndevu, ana kadi ya kura, mpira wa mkojo, ule mrija wa kukitoa kibofu mkojo, anawekewa na mama!

Tukaanza. Akanawa kwa sabuni, akapaka jeli, akaushika ule mpira kama kashika nyoka. Dakika kumi nzima. Mkojo ulipoanza kutiririka chupani, akacheka peke yake.

Najua mnanong'ona: ataingiza uchafu. Na wewe mama ulisomea wapi? Si ulionyeshwa wodini siku mbili, huku unatetemeka? Kibofu kinataka kutolewa kila baada ya saa 4 hadi 6. Kikizidi kujaa, mkojo unapanda kwenye figo, na figo hazisubiri urudi mnadani.

Wala msiniambie sijui uchungu wa mzazi. Mimi hapa kwenye kiti hiki cha magurudumu, siku mama aliponikabidhi mpira alilia kama anayeozesha binti.

Aliyeumia shingo, vidole havishiki? Huyo afundishwe kuagiza: "Nigeuze, saa mbili zimepita. Piga picha makalio yangu kwa simu, nione kama ngozi ina kidonda." Mikono ya kuazima, mwili wake.

Kazi, haraka haraka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani ni yetu. Lakini nani atamwajiri anayesubiri mama mlangoni?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ndoa na watoto sijagusa. Vijana, nipo chini ya mwembe pale nje. Kina mama, nyie tangulieni nyumbani.