Usiyamalize Kifamilia: Haki za Mwathirika na Shahidi

Kamwene Iringa na Njombe, ugonile Mbeya na Tukuyu! Leo nazungumza na aliyetendewa uhalifu na aliyeshuhudia. Kesi nyingi zinafia nyumbani wiki ya kwanza, na sisi wa ughaibuni tunasaidia kuziua tunapochanga hela ya "kuyamaliza kifamilia". Kwenye ubakaji anayeshtaki ni Jamhuri. Baba akipokea ng'ombe mbele ya mtendaji, kosa liko palepale, ila shahidi ndiye kazibwa mdomo.

La kwanza ni jina. Kama umemtambua, mtaje kwa mtu wa kwanza utakayemwona, awe jirani, balozi au mwenyekiti wa kitongoji, kisha polisi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema kunampa shahidi uzito. Ukikaa kimya siku tano, jiandae kuulizwa kwa nini. Na kama ilikuwa usiku, "nilimwona kwa taa" haitoshi. Taa ilikuwa wapi, ina mwanga kiasi gani, mlikuwa hatua ngapi, ulimtazama kwa muda gani, unamfahamu tangu lini? Mahakama inapima hayohayo.

Kituo cha polisi omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na jina la mpelelezi uliandike. Maelezo yako yasomwe kabla hujasaini. Ulisema shoka, imeandikwa panga? Rekebisha hapohapo, maana wakili wa utetezi ataishikilia tofauti hiyo. PF3, fomu ya polisi unayokwenda nayo hospitali kupimwa, ni bure. Kwa ukatili wa kijinsia au wa watoto, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja.

Aliyebakwa awahi hospitali. Dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Humezwa siku 28. Za kuzuia mimba mwisho ni saa 120. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo zisifuliwe. Kwa mvua za Rungwe zitakuwa mbichi, basi zianikwe kivulini ndani ya nyumba, ziingie kwenye mfuko wa karatasi. Ukizifungia mbichi kwenye rambo zinaota ukungu, na ushahidi unaharibika.

Kama ni mtoto, umri lazima uthibitishwe: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au mzazi autaje kizimbani. Watu wanaona ni jambo dogo, kumbe kesi imeanguka hapo. Mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema ukweli na si uongo. Msimkaririshe, maneno ya kukaririshwa hakimu anayasikia.

Shahidi, samansi si mwaliko wa harusi. Usipokwenda unaweza kukamatwa, na kesi ikikosa mashahidi mtuhumiwa anaachiwa. Gharama za safari una haki ya kuzidai, muulize karani mapema. Ukitishiwa, usifute ujumbe wa simu. Mpelekee mpelelezi au mwendesha mashtaka; tangu 2015 ipo sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi. Kesi za ubakaji ushahidi husikilizwa faragha, kwa hiyo shangazi na majirani watasubiri nje.

Huku England shahidi anaweza kutembezwa mahakamani kabla ya siku yake. Nyumbani omba mwenyewe: mwambie mwendesha mashtaka akuoneshe maelezo yako kabla hujapanda kizimbani.

Nanyi wa ughaibuni, ile hela ya ng'ombe igeuzeni nauli ya mama na mtoto kutoka Busokelo hadi hospitali. Namba za simu: polisi ni 112, msaada kwa watoto ni 116. Asiye na uwezo aulizie wasaidizi wa kisheria halmashauri, sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017. Risiti za matibabu na nauli zitunzwe zote: mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza kuamuru alipe fidia, na mwendesha mashtaka akumbushwe kuiomba siku hiyohiyo.