Boksi la Umeme Linapoelea Kwenye Zege

Ndugu mafundi, habari za asubuhi. Nimeombwa niseme juu ya maboksi ya sakafuni, yale ya soketi yanayozikwa kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege, la ofisi au ukumbi. Boksi likikutwa limehama, lawama huwa ileile: fundi zege amelipiga teke. Pengine kweli. Lakini mara nyingi hakuna aliyeligusa. Limeelea.

Tupige hesabu. Boksi la milimita 300 kwa 300, kina 100, lina ujazo wa lita 9. Lita moja ya zege bichi ni kama kilo 2.4. Zege likilizunguka hadi ukingoni na kupenya chini yake, boksi linasukumwa juu kwa kilo karibu 22, na lenyewe la bati ni kilo chache tu. Hilo ni dau. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege, ikipita jirani, zege linazidi kulegea, nalo boksi linapanda kwa raha zake.

Mtaniambia, tutalijaza mchanga. Lijazeni, uji wa saruji usiingie. Ila lita 9 za mchanga mkavu ni kilo 14 hivi. Bado hazitoshi.

Basi tulifunge kwa waya kwenye nondo? Nondo zipi? Slabu ya ghorofa ina nondo nzito, sawa. Jamvi la chini mara nyingi lina wavu mwepesi wa chuma uitwao A142, ambao mita ya mraba ina kilo 2.2 tu, boksi litanyanyuka na wavu wake. Wengine hupigilia vipande vya nondo ardhini. Vinashika, lakini vimetoboa nailoni ya kuzuia unyevu, tena chini ya boksi la umeme! Mimi siitaki kabisa njia hiyo.

Ninayoipenda ni hii: siku moja kabla, mwaga juu ya nailoni kitako cha zege kipana kuliko boksi, ulizamishe humo sentimita mbili tatu, ukilipima kwa pima maji. Kesho yake kitako kimeshakaza. Zege jipya halina pa kupenya chini ya boksi, na bila kupenya chini haliwezi kulinyanyua.

Mabomba msiyasahau. Bomba la PVC la milimita 25 linataka kupanda kwa karibu kilo moja kila mita, na likipanda linalipindua boksi. Lifungwe kila nusu mita, tena chini ya nondo.

Kimo kipimwe kwa sakafu iliyokamilika. Kama juu ya zege kutakuja tabaka la saruji la milimita 40 na vigae vya 10, ukingo wa boksi utabaki milimita 50 juu ya zege, palepale unapopita ubao wa kusawazishia. Ukingo huo upakeni rangi nyekundu.

Siku ya kumwaga, fundi umeme awepo. Mpira wa pampu usielekezwe kwenye boksi. Zege lisogezwe kwa koleo, pande zote kwa pamoja. Kisha pitisha kamba ya kupimia kimo mapema. Lililopanda, zege likiwa bado bichi, lishindilie chini na uliwekee tofali juu mpaka likaze.